Ubani Kati ya Matabaka

Ubavu mzima huitika. Ukiugonga kwa kinyundo cha mti hutoa sauti kavu, ya juu, inayokimbia mbele na kupotea, na mtu aliyezoea kazi hiyo husogea kidogo akagonga tena bila hata kufikiri. Tunu Shekiondo alikuwa amezoea. Alining'inia kwa mikanda chini ya Mtaa wa Mizambarau, miguu hewani, bahari ikichemka chini yake palepale ulipokuwa mji wa zamani wenye barabara za lami, na alikuwa akigonga ubavu ulioubeba mtaa huku anawaza mboga ya jioni. Kisha kinyundo kikatoa sauti nyingine, bubu na nzito, kama kugonga chungu chenye uji.

Alirudi nyuma akagonga. Kavu. Akaenda mbele akagonga. Bubu. Akatia chaki pale, akaendelea, na alama za chaki zikazidi kwenda mbele kuliko alivyotaka ziende. Mboga ikamtoka akilini.

Juu yake, mama mmoja kijana alikuwa amelala kifudifudi sebuleni kwake, kichwa kikichungulia ukingoni. Ndiye aliyelalamika. Tangu jana mlango wa chumba chake ulikuwa haufungi, na maziwa ya mtoto akiyaweka mezani yalikaa yameegemea upande mmoja wa kikombe. Ofisi inayosimamia mbavu ilimjibu kwamba ubavu wa Mizambarau ni mzima, kioo cha vipimo kinaonyesha kijani, labda meza yake ndiyo mbovu. Tunu alikuja kwa sababu tu alikuwa jirani, na kwa sababu hajapata kuona maziwa yanayosema uongo.

"Kuna nini huko chini?" yule mama akauliza.

"Mtoe mtoto, dada," alisema Tunu. "Mtoe mtoto, uwatoe na majirani. Vyombo viache."

Watu hawapendi kuacha vyombo. Walibeba magodoro, wakabeba redio, mzee mmoja akarudi kuchukua miwani. Wa mwisho walikuwa bado wanavuka daraja la kamba kwenda mtaa wa pili ubavu ulipopasuka kwa urefu wake, sauti yake kama shuka kubwa inayochanwa. Jiko moja na banda la kuku vilikwenda na maji. Mtaa ukainama, ukashikwa na mbavu ndogo za pembeni, ukatulia hivyohivyo, umekaa upande kama mtu aliyechoka kusubiri.

Hakufa mtu. Lakini Tunu, akiwa ameshavuka na mikanda yake bado kiunoni, aliwahesabu watu mara mbili. Chuma kikizidiwa hupinda, hulia, huota kutu, kinakupa nafasi ya kukimbia. Ubavu wa nyuzi hauna tabia hiyo. Hubeba mzigo wake kimya, leo na kesho, na siku ukichoka hauagi.

*

Kule karakana aliweka kipande cha ubavu uliopasuka mezani, akakitazama kwa muda mrefu. Kwa nje kilikuwa kizuri tu.

Katika mji huu hakuna asiyejua ubavu unavyotengenezwa, maana nusu ya watu wazima wamewahi kuifanya kazi hiyo. Shuka za nyuzi za mkonge hulazwa juu ya kalibu, zikafuatiwa na shuka nyeusi za nyuzi za kaboni, kila moja ikinyweshwa gundi. Moja huelekea urefu wa ubavu, inayofuata hukata upana, nyingine hulazwa mshazari, kwa kuwa uzi una nguvu ukivutwa kwa urefu wake tu. Ukiuvuta kwa upande hauna lolote. Wazee huwaeleza watoto kwa mfano wa nyumba ya udongo. Fito peke yake zinapitisha upepo, udongo peke yake unaporomoka kwa mvua ya kwanza, vikishikana mtu anaoa humo na kuzaa humo. Uzi ndio fito, gundi ndio udongo. Gundi ndiyo inayoupokea mzigo kwa uzi mmoja na kuugawia nyuzi nyingine.

Vitu vya namna hiyo vimejaa kila mahali: mapanga ya mitambo ya upepo, matangi ya maji, miguu ya bandia, hata mlango wa choo cha Tunu. Ni vyepesi, havijui kutu, chumvi haivili. Bahari ilipopanda na kukataa kushuka, ndivyo vilivyouinua mji na kuutundika juu ya maji, mtaa kwa mtaa, kila mtaa ukiitwa kwa jina la miti iliyokuwa imeota chini yake. Chuma cha kazi hiyo kingezama kwa uzito wake chenyewe.

Na gundi ya siku hizi ni hai, au ndivyo wanavyoiita. Ina vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho; ufa ukipita, vinapasuka na kumwaga dawa, ufa unaziba. Ndani ya kila ubavu mna pia nyuzi za mwanga zinazopeleka habari ofisini, huu umevutwa kiasi gani, ule umechoka kiasi gani. Kwa hiyo kila mtu alilala usingizi wake. Ubavu unaojitibu na kujisemea, utauhofia nini?

Kumbe ulijua kusema jambo moja tu. Nyuzi za mwanga hulala sambamba na nyuzi nyingine, zikasikia mvuto. Shuka zikianza kubanduka moja juu ya nyingine, kama chapati inavyofunua matabaka yake, zenyewe hazina habari. Na dawa ya vifuko haikuwa na pa kushika. Tunu aliona sababu yake alipozitenganisha shuka mbili kwa kisu: katikati yake palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya chai, unaong'aa.

Akaupasha moto kidogo, apate kuujua ni mafuta ya namna gani.

Harufu ikapanda. Tunu alifumba macho kabla hajajua kwa nini. Ilikuwa harufu ya asubuhi ya Idi, ya mzazi anayetolewa nje na kichanga chake, ya kanga zilizokunjwa kabatini. Ilikuwa harufu ya mama yake. Akazima moto, akakaa sakafuni palepale, mgongo kwenye mguu wa meza.

Mama yake, Bi Mwanakombo, ndiye mbeba chetezo wa karakana. Cheo hicho hakimo katika orodha yoyote ya ofisi, lakini hakuna ubavu uliotoka bila yeye. Mtaa wa kwanza kutundikwa ulianguka, zama zile gundi ilikuwa bado haijafahamika vizuri, na baba yake Tunu alikuwa miongoni mwa walioanguka nao. Mafundi wakagoma. Walisema mtu hahamii nyumba isiyofukizwa, sembuse kuitundika hewani na watoto ndani. Bi Mwanakombo alipotoka eda, akaja kalibuni na chetezo chake. Alingoja nusu ya matabaka yalazwe, akauzunguka ubavu kwa ubani huku akiomba, halafu mafundi wakaendelea kulaza matabaka ya juu. Ubavu ule haukuanguka, na hakuna ulioanguka baada yake. Ofisi ikasema moshi haumdhuru mtu.

Na kweli haukudhuru, kwa wakati ule. Karakana ilikuwa uwanja wazi, pepo za bahari zikiuchukua moshi kabla haujatua. Kisha likajengwa banda jipya la kufungwa, hewa yake imechujwa chumvi na vumbi, tulivu, gundi ikauke kwa raha. Chetezo kikaingia bandani pamoja na watu na zana. Moshi ukakosa njia ya kutoka, mafuta ya ubani yakatua juu ya shuka mbichi. Hakuna aliyewaza kuuliza, hata Tunu mwenyewe, ambaye huwafokea mafundi wakigusa shuka kwa mikono yenye jasho. Hakuna aliyewahi kuuhesabu ubani kuwa ni kitu. Ulikuwa dua.

*

Mkuu wa karakana, Bwana Kallage, alisikiliza yote amesimama. Banda lile la kufungwa lilikuwa wazo lake, na hakulikana. Aliuliza tu ni mbavu ngapi. Tunu akamwambia hajui. Kila uliotoka katika banda jipya ulikuwa na moshi wa kiasi fulani, na kiasi ndicho kila kitu. Ukiwa na moshi kidogo, gundi huumeza na kushika. Ukiwa na mwingi, ndiyo Mizambarau.

Mbavu mbovu zilitibika. Ungezitoboa na kuzishona kwa vijiti vya kaboni toka tabaka la juu mpaka la chini, kama unavyoshona godoro, mradi zisiwe na mzigo wakati wa kushonwa. Maana yake watu wahame. Na wahamie wapi? Kila mtaa una uzito wake. Ukiwasukuma watu wa mtaa mbovu kwenye mtaa mwingine mbovu, umewaua wote. Ilibidi kujua upi mzima kabla ya kumhamisha hata mtu mmoja, na kugonga mbavu zote kwa kinyundo, mtaa kwa mtaa, kungechukua muda mpaka msimu wa kusi uingie na upepo wake wa kuyumbisha mitaa.

"Kuna mtu mmoja anayejua," alisema Bwana Kallage.

Tunu alijua anamsema nani.

"Muulize bila kumwambia," aliendelea. "Mwambie tunataka kumshukuru, kwa hiyo tunataka kujua ni mbavu zipi alizifukiza sana. Watu tutawaambia gundi ilikuwa mbovu. Chetezo tutakizuia kwa kisingizio cha moto. Hakuna atakayeumia."

Hakuwa mtu mbaya, na Tunu hakumwona hivyo. Ndiye aliyelibeba jeneza la baba yake kwa mbele. Alikuwa amemwona Bi Mwanakombo anavyoingia bandani na kanga mpya, mafundi wakimpisha, na alijua mwanamke yule aliuvuka ujane wake kwa kazi hiyo. Ukimwambia kwamba dua zake ndizo zilizobandua mbavu, atabakiwa na nini?

Tunu alikubali, tena upesi. Baadaye ndipo aliposikia aibu kwa jinsi alivyokubali upesi.

*

Alimkuta mama yake anamenya muhogo mkekani. Alimwamkia, akaitikiwa, akakaa, akachukua kisu cha pili. Wakamenya. Bi Mwanakombo alikuwa amekwisha sikia habari za Mizambarau na alitaka kujua ya yule mzazi na kichanga chake. Alipoambiwa ni wazima, alimshukuru Mungu kwa sauti, na Tunu akajiinamia.

Ndipo akaleta ule uongo. Ofisi imekaa, alisema, imeona haijawahi kumpa mama shukrani yake. Wanataka kujua ni mbavu zipi alizozifukiza zaidi katika banda jipya, ili watu wa mitaa hiyo wajue walivyotunzwa.

Bi Mwanakombo alicheka, akafurahi, na furaha yake ilimchoma Tunu kuliko kisu. Lakini jibu lake lilikuwa fupi.

"Zote sawa."

"Hakuna hata mmoja uliouzidishia kidogo?"

"Zote sawa, nimekwambia. Mimi si mtu wa kupendelea. Unataka kesho watu wa Mivinje wasikie kwamba niliwabagua?"

Tunu alimbembeleza, akazunguka mlango huu na ule, akatokea palepale. Mama yake alishika msimamo kwa heshima kabisa, huku mikono ikimenya haraka kuliko mwanzo. Wala hakuwa anaficha kwa ubaya. Aliulizwa swali la kusifiwa, akajibu kama mtu anayesifiwa. Tunu aliaga, akatoka, akavaa viatu mlangoni. Mbele yake mitaa ilikuwa imetundikwa jua likiipiga, nguo zimeanikwa kambani, watoto wakirushiana kitambaa kilichofungwa mpira, na hakuna hata mmoja katika wote hao aliyejua kama amesimama juu ya kitu kizima. Uongo wake ulikuwa umezaa uongo wa mama, na kwa uongo huo wa pili yeye angewapanga watu hawa mahali pa kulala.

Akavua viatu, akarudi ndani.

"Mama, nimekudanganya."

Bi Mwanakombo aliweka kisu chini.

Tunu alimweleza kama anavyowaeleza mafundi, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Alieleza kuhusu shuka na gundi, kuhusu banda lisilo na upepo, na kuhusu utando. Kisha akatoa kile kipande mfukoni, akakiweka mkekani kati yao. Mama yake alikiinua, akakinusa, akakaa nacho puani kwa kitambo. Uso wake haukubadilika kwa namna ambayo Tunu angeweza kuielezea, ila ulizeeka.

"Ni ule ubani maiti, wa bei, unaotoka Usomali," alisema. "Niliubadili tulipoingia banda jipya. Nilitaka kitu kizuri zaidi."

"Si kosa lako, mama. Sisi ndio tuliofunga banda. Tungefikiri—"

"Usinibembeleze, Tunu. Ukinibembeleza sitapata pa kuushikia msiba wangu."

Nje mtu alikuwa anamwita mtoto akale, mtoto hataki. Bi Mwanakombo aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo Tunu hakuwahi kuisikia kwake, kama ina maana kwamba muda wote ule Mungu hakuwa akimsikia. Tunu alitamani kusema neno jema. Angeweza kuokota lolote, maneno ya namna hiyo hayakosekani.

"Sijui, mama," alisema. "Mimi najua gundi."

Mama yake alimtazama, na kwa mshangao wa Tunu akatabasamu kidogo. "Afadhali wewe umesema hujui."

Kisha akajifuta mikono kwa ncha ya kanga, akakaa vizuri, kama mtu anayejiandaa kutoa ushahidi, na akasema ukweli. Alipendelea. Tangu mwanzo alipendelea. Ubavu wa mtaa wa watu asiowajua aliuzunguka mara moja, akaomba dua ya wote, akatoka. Ubavu wa mtaa wenye mtu wake aliuzunguka mpaka makaa yazime, akaongeza makaa, akaongeza ubani, mafundi wakikohoa na kumwogopa kumwambia. Mizambarau alikaa mdogo wake kabla hajahama. Mifenesi anakaa mwalimu aliyemfundisha Kurani. Mikwaju kuna binti aliyemlea. Alizitaja moja moja, bila kusitasita, maana mtu hasahau alikoomba kwa machozi.

"Na niliouzidishia kuliko zote," alisema, "ni wa Mikungu."

Mikungu ndiko anakokaa Tunu na mwanawe.

"Siku ile nilimwambia msimamizi ninaumwa kichwa, nataka niachwe peke yangu bandani. Nikafunga mlango. Nilisema, Mola, baba yake umemchukua, huyu niachie. Moshi ulikuwa mzito hata sikuuona ubavu wenyewe."

Tunu alilia hapo. Alilia kwa kuogopa, akimwaza mwanawe aliyelala miaka yote hiyo juu ya ubavu mbovu kuliko zote, na alilia kwa kujua kwamba hajawahi kupendwa na mtu namna ile na huenda hatapendwa tena. Mama yake alimwacha alie kidogo, akamshika bega. Akamwambia ainuke, mtoto hajatolewa.

*

Walikutana alasiri katika uwanja wa Mivinje, ndio mpana kuliko viwanja vyote. Mtoto wa Tunu alikuwa ameshatolewa, na watu wa Mikungu, Mifenesi na Mikwaju walikuwa wamesimama na magodoro yao kichwani, hawajui bado wamehamishwa kwa nini. Bwana Kallage alikuwa na maneno yake tayari juu ya gundi mbovu. Bi Mwanakombo alimwomba apumzike.

Tunu alimsihi asiseme yeye. Ofisi ingesema, ukweli wenyewe, na kubeba sehemu yake. Mama yake alimjibu kwamba ofisi imesema kijani mpaka jiko la watu limeingia baharini, nani ataisadiki leo. Yeye wanamjua. Akapanda juu ya sanduku la zana, akajitanda kanga vizuri, akasema.

Alisema bila kujilaumu sana na bila kujitetea. Aliwaambia walivyofunga banda, alivyobadili ubani, alivyouzidisha kwa wale aliowapenda, na kwamba ubani huo ndio uliokaa katikati ya matabaka na kuyazuia yasishikane. Walionusurika Mizambarau walisikiliza vinywa wazi. Mwalimu wa Mifenesi, mzee sana mwenye fimbo, aliinamisha kichwa na kukiacha huko. Kijana mmoja wa Mikwaju alianza kupaza sauti kwamba wamelazwa juu ya kaburi, akatulizwa na mkewe. Mtu mwingine akauliza kama sasa ubani umekuwa haramu. Bi Mwanakombo akajibu kwamba afukize nyumbani kwake mpaka achoke; kwenye gundi mbichi ndiko usiingie.

Bwana Kallage naye alijitokeza, akasema banda ni lake na fikra ni zake. Hakuulizwa kitu. Halafu Tunu akaeleza kazi ya kushona mbavu, na kwamba wakati wa kazi hiyo watu hawa wangelala hapa, Mivinje, kwa kuwa ubavu wa Mivinje ulikwisha kugongwa mchana huo na uliitika vizuri kila mahali.

"Kwa nini?"

Aliyeuliza alikuwa Bi Siwema, mjumbe wa Mivinje, mwanamke mrefu aliyekuja na watu wake kutoka bara miaka ya ukame. Alikuwa amesimama mbele, mikono nyuma.

Tunu alianza kumweleza habari za matabaka. Bi Siwema akamkata kwa upole.

"Hayo nimeyasikia, mwanangu. Wa kwetu ni mzima. Namuuliza mama yako kwa nini ni mzima."

Tunu aliona swali linakokwenda, na akaona pia kwamba lipo jibu jepesi. Bi Mwanakombo angeweza kusema siku ile ubani ulimwishia. Hakuna ambaye angemkatalia.

"Kwa sababu sikuwajua," alisema Bi Mwanakombo. "Mlikuwa watu wa kuja. Niliuzunguka mara moja, nikiwaza mambo mengine, nikatoka kwenda kunywa chai."

Watu wa Mivinje walikuwa wamesimama nyuma ya mjumbe wao, wengi, na haikuwa rahisi kuwatazama. Walikuwa wazima kuliko mtaa wowote mjini, na walikuwa wameumia. Bi Siwema alisema, bila hasira, kwamba wamekaa hapa miaka yote hii wakiamini waliombewa sawa na wenzao. Walipozaa, walizaa wakiamini hivyo. Sasa wanaambiwa kilichowaokoa ni kwamba mwombaji hakuwajali.

"Ndivyo," alisema Bi Mwanakombo. "Niwieni radhi."

Tunu alitaka kusogea asimame kati yao, lakini mama yake alimpungia mkono abaki alipo. Bi Siwema aliwatazama wale wenye magodoro, watoto wamewashika nguo, bibi mmoja amekwisha kaa chini kwa kuchoka. Mtu angedhani anahesabu vitanda, na huenda kweli ndicho alichokuwa akifanya.

"Wapisheni waingie," aliwaambia watu wake. "Wa Mikungu waanze, wana watoto wengi." Kisha akamgeukia Bi Mwanakombo. "Na wewe utalala kwangu. Ukishalala utatuombea upya, nyumba kwa nyumba. Bila moshi. Lakini safari hii utatuombea ukiwa unatujua."

Bi Mwanakombo alishuka kutoka juu ya sanduku. Tunu alimpa mkono, akaukataa. Akasogea mpaka mbele ya yule mwanamke mrefu, akakusanya viganja vyake viwili vitupu kifuani, kama mtu anayeanza dua.

"Siwema binti nani?" akamuuliza.